Kesi ya Mulbadaw Katika Simu ya Mpwa Wangu

Likizo iliyopita nilikwenda Balangdalalu, wilayani Hanang, kumsalimia dada yangu aliyeolewa huko. Jioni ya pili mpwa wangu, ambaye ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, alinijia na simu mkononi. "Mjomba, naomba unipitie hizi hoja za rufaa. Mzee mmoja wa hapa ameshindwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku zinakwisha." Sheria inatoa siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Zilikuwa zimebaki saba.

Nilisoma. Kiswahili kilikuwa safi, safi kuliko cha mawakili wengi ninaowafahamu, na hoja zilipangwa kwa namba, kila moja ikiegemea uamuzi wa mahakama. Nilipomuuliza ameandika lini, alicheka kwa haya. Alikuwa ameipa akili mnemba maelezo yote ya mzee, nayo ikamwandikia kwa muda usiotosha kuchemsha chai.

Uamuzi mmoja niliutafuta katika TanzLII, hazina ya hukumu ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaifungua bure, sikuuona. Namba ya shauri ilikuwapo, jina la jaji lilikuwapo, hukumu haikuwapo. Hoja nyingine ilidai kwamba Baraza la Kata lina mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi usiozidi thamani ya shilingi milioni 3. Ndivyo ilivyokuwa zamani. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Mashine ilikuwa imesoma maandishi mengi ya miaka ya nyuma na machache ya baada ya hapo, ikajibu kwa sauti ya wengi.

Lakini kosa lililonikosesha usingizi lilikuwa la tatu, kwa sababu kesi yenyewe ni ya kweli, tena ni ya Hanang hii hii. Hoja ilisema kwamba katika shauri la Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO wanakijiji walishinda. Kweli, walishinda, Mahakama Kuu, mwaka 1984. Wazee wa huku wanakumbuka jinsi mashamba ya ngano ya serikali, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, yalivyoenea katika nyanda za malisho ya Wabarabaig hadi kufikia ekari zipatazo laki moja, na jinsi kijiji kimoja kilivyothubutu kulishtaki shirika la umma. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua ushindi ule. Moja ya sababu ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Mbarabaig hakuthibitisha kuwa ni mwenyeji wa Hanang! Kesi hii naifundisha kila mwaka na bado inaniuma.

Sasa mfikirie mzee huyu mbele ya jaji, akitanguliza kama ngao hukumu iliyotenguliwa miaka arobaini iliyopita, na wakili wa upande wa pili akiinuka kwa adabu kuisoma ile ya 1985. Uamuzi wa kubuni hugundulika, kwa kuwa haupatikani popote. Huu wa nusu unapatikana, na anayeufungua ule wa 1984 ataona maneno yale yale aliyoahidiwa.

Sisemi haya kwa kumdhihaki kijana. Mwaka 2023 mawakili wa New York katika shauri la Mata dhidi ya Avianca walitozwa faini ya dola 5,000, wao na kampuni yao, baada ya kuwasilisha hukumu sita ambazo hazikuwahi kutolewa. Juni 2025 Mahakama Kuu ya London ilikuta katika shauri moja marejeo 45, na 18 kati yake hayakuwapo duniani. Wakili alikuwa ameuamini utafiti uliofanywa na mteja wake. Nami, mwenye shahada ya uzamivu, muhula uliopita nilisimama darasani na kifungu nilichopewa na mashine ile ile, akanisahihisha mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa na sheria yenyewe mezani.

Dada yangu, aliyekuwa akisikiliza huku akichambua mboga, aliuliza swali la haki: kama si simu, mzee angemwendea nani? Wakili yuko Babati au Arusha, na ada yake ni ng'ombe. Tena tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za zamani zimo katika Kiingereza ambacho mzee hakisomi. Hapo mashine ilitufaa kweli. Usiku ule tuliifungua hukumu ya 1985 yenyewe, tukaiomba itufasirie aya kwa aya huku asili iko mbele yetu, nami nikisahihisha ilipoteleza. Tulifuta hoja mbili. Mahali pa Mulbadaw tuliweka uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Lohay Akonaay, watu wa Mbulumbulu, uliotamka mwaka 1994 kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Kisha nikampigia wakili wa msaada wa kisheria ninayemfahamu, akakubali kuipitia rasimu na kuisaini.

Jambo moja halikurekebishika. Nilipomwomba mpwa wangu anionyeshe alichoandika mwanzoni, nilikuta jina kamili la mzee, majina ya wake zake wawili, ugonjwa wa mwanawe, mipaka ya shamba mti kwa mti, na kiasi cha fedha ambacho angekubali ili yaishe. Hiki cha mwisho ni siri ambayo wakili hawezi kuitoa hata kwa mkewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kutumika tangu Mei 2023, na mzee hakuulizwa kama anaridhia. "Sikujua kama inakwenda mahali, Mjomba," alisema. "Nilidhani iko humu humu ndani ya simu."

Asubuhi tulikwenda kumweleza mzee. Alisikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akamuuliza kijana kama kile kiasi cha fedha kinaweza kufutwa huko kilikokwenda. Tulifuta mazungumzo yale mbele yake. Rufaa iliingia siku ya 43. Swali lake sikuwa na jibu lake, na bado sinalo.