Kutoka Kariokor Hata Burma: Uwanja Mdogo wa Mizinga

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi kwenda mashariki hukutana na majina ya vita vikuu viwili kabla miguu haijachoka. La kwanza ni Kariokor, lililotokana na Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi waliochukua vyakula na risasi vichwani mwaka 1914 hata 1918. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi 40,000. Akiisha kupita Gikomba na Shauri Moyo hulikuta soko la Burma, ambako watu huenda kununua nyama, na ni wachache waulizao jina hilo limetoka wapi.

Limetoka katika vita vya pili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw hata mto Chindwin, na miongoni mwa askari wake walikuwamo Waafrika wapiga mizinga. Kizazi cha baba zao kilibeba makombora. Wao waliyapiga kwa hesabu, ingawa amri zilibaki mikononi mwa maafisa wa Kizungu. Mzinga wa kawaida wa Waingereza siku hizo ulitupa kombora la ratili 25 hata yadi 13,400, na mara nyingi mpigaji hakuiona shabaha kabisa.

Kazi hiyo ilifundishwaje pasipo kuteketeza makombora ya bei kubwa? Ulitengenezwa uwanja mdogo. Gunia jepesi lilitandazwa juu ya fremu ya mbao, likachorwa vilima, mito na barabara, na chini yake ikapimwa miraba yenye nambari. Mwanafunzi alikaa mbali na darubini yake.

Tuseme gunia hilo limechorwa mitaa ya Eastlands, yadi 1 ikisimama badala ya yadi 100. Nyumba ya Kaloleni itakuwa kama kibiriti, na mwenye nyumba, hata awe mrefu wa futi 6, hatazidi mbegu ya boga.

Upimaji ndio wenye taabu. Huchaguliwa mstari mmoja ulionyooka, ukapimwa kwa mnyororo mara mbili, tatu, maana kosa la mstari huo hurithiwa na yote yafuatayo. Kutoka ncha zake mbili hupimwa pembe za mahali pa tatu. Na hesabu ya pembetatu hutoa umbali wake pasipo mtu kwenda huko. Pembe ikikosewa digrii 1 tu, kwa shabaha iliyo mbali yadi 5,000, kombora hupotea yadi 87. Kwenye uwanja mdogo kosa hilo halifiki yadi moja. Katika mitaa yenyewe ni safu nzima ya nyumba za watu wengine.

Ndipo mwanafunzi hutaja amri. Mtu aliyejificha chini hupuliza moshi mahali palipotajwa, nao hupenya gunia. Umetokea karibu mno: ongeza 400. Sasa umepita shabaha: punguza 200. Hivyo shabaha hubanwa katikati, nusu kwa nusu, hata ipatikane.

Mwanafunzi huviona vilima na nyumba zote. Yule wa chini, aliyeinama na mrija wake wa moshi, huona nambari za miraba tu.