Miche Chini ya Taa

Ndugu wasomaji, mtacheka: huku Stockholm nalea miche ya nyanya chumbani, chini ya taa ya umeme. Mwanzo wa Februari mchana una urefu wa saa 8 tu, na nje ni theluji. Nikingoja joto ndipo nisie mbegu, baridi itarudi nyanya hazijaiva.

Taa naitundika karibu, shubiri moja juu ya miche, kwa saa 14 kila siku. Ikiwa mbali, miche hurefuka kama uzi ikitafuta nuru, kisha huanguka. Wanangu hawajapata kuliona shamba la bibi yao. Kuiwasha taa hiyo asubuhi ndiyo kazi yao ya kwanza ya kilimo.

Nanyi mlio na jua la bure, mbegu zikichipua ondoeni nyasi mlizofunikia kitalu. Zikibaki, miche itadhoofika vivyo hivyo.