Likizo ya Juni Simiyu: pamba, ngitili na konokono wa ziwani

Juni ni mwezi mzuri wa kufika Bariadi na watoto. Shule zimefungwa, mvua zimekwisha, barabara za vumbi zinapitika na pamba imepasuka mashambani. Mtoto aliyezoea kuona sayansi kwenye runinga hapa anaishika mkononi, bila tiketi wala kiingilio.

Shamba la babu linatosha kwa kuanzia. Tumba moja la pamba lina vyumba vitatu hadi vitano, na mtoto aachwe avihesabu mwenyewe. Akichambua kwa vidole ataona kwamba nyuzi zimeota kwenye ngozi ya mbegu, na kila unyuzi ni seli moja tu iliyorefuka. Akizisokota kidogo anapata uzi. Kwa mwanafunzi wa darasa la sita kuna hesabu pia: katika kila kilo tatu za pamba mbegu, nyuzi ni kama kilo moja. Kilo mbili zinazobaki karibu zote ni mbegu, zinazokamuliwa mafuta na kuacha mashudu ya ng'ombe. Hata jina la mbegu ya UKM08 lina somo, kwani UK ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko Misungwi, mkoani Mwanza.

Jambo moja tu la kuangalia shambani: chupa tupu za dawa ya wadudu. Mtoto mgeni huziona kama vikombe vya kuchezea. Haziokotwi, na hakuna kuosha kunakozifanya zifae kwa maji.

Mbali kidogo na mashamba, bibi au babu atawaonyesha ngitili, eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha hulifungua kiangazi kinapobana. Sehemu kubwa ya Simiyu ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi 2012, na Shinyanga ya zamani ilikatwa miti kwa wingi, kwa ajili ya kilimo na pia kufukuza mbung'o. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulirudi kwenye ngitili za wazee badala ya kuleta maarifa mapya kutoka mbali, na maelfu kwa maelfu ya hekta yakaota tena. Watoto wasimame mpakani walinganishe pande mbili, wahesabu aina za miti na ndege. Somo la mazingira halihitaji zaidi ya hapo.

Kisha yanakuja maji, na hapa mzazi asome taratibu.

Kutoka Bariadi hadi Lamadi, wilayani Busega, ni lami ya takriban kilomita 70, na mwisho wake ni Ziwa Victoria. Hakuna mtoto anayeliona ziwa lile saa sita mchana, jua likiwaka, asitake kuruka ndani. Saa hizo ndizo mbaya zaidi. Konokono wadogo wanaoishi kwenye matete hutoa vijidudu vya kichocho kwa wingi jua linapokuwa kali. Vijidudu hivyo havionekani kwa macho. Vina mkia wenye panda, huogelea hadi vikutane na ngozi, kisha hupenya. Mtoto si lazima anywe maji. Kusimama hadi magotini kunatosha.

Konokono wenyewe wanaweza kutazamwa kutoka ukingoni, bila kukanyaga maji. Yule wa ziwani ana gamba bapa lililojiviringa kama kamba, naye hubeba kichocho cha tumbo. Mwenzake wa kwenye malambo ya Maswa, Meatu na Itilima ana gamba lenye ncha, naye hubeba kichocho cha mkojo. Kwa hiyo lambo dogo la kijijini, ambalo wengi huliona salama kuliko ziwa, lina ugonjwa wake. Mtoto akiuliza konokono aliupata wapi, aambiwe ukweli: kwa binadamu aliyejisaidia majini au karibu na maji. Maji ya kuogea yakichemshwa, au yakikaa kwenye pipa siku mbili bila konokono ndani, vijidudu hufa.

Watoto wanaosoma huku hupewa dawa ya praziquantel shuleni kwenye kampeni za kingatiba. Mjukuu aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam au Dodoma hayumo kwenye foleni hiyo. Yeye hurudi nyumbani mzima, amenawiri kwa maziwa ya bibi, na homa, maumivu ya tumbo au damu kwenye mkojo huja baada ya wiki kadhaa, pengine miezi. Daktari wa mjini ataanza na malaria au UTI, na si kosa lake kama hajaambiwa kitu.

Basi mzazi amwambie mapema kwamba mtoto aliingia kwenye maji Simiyu, na ataje kama ilikuwa ziwani, lamboni au kote kuwili. Kichocho cha tumbo hutafutwa kwenye choo, cha mkojo kwenye mkojo, na mkojo huo ni vizuri uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi.