Kiama cha Dola Milioni 200

Mwaka 2012 ulifika Karagwe, ukakaa miezi yake kumi na miwili, ukaondoka. Dunia haikuisha. Jambo kubwa la mwaka ule kwa watu wa huku ni kwamba wilaya yetu iligawanywa, na Kyerwa ikawa wilaya inayojitegemea. Migomba iliendelea kuzaa, na kahawa ikaanikwa kama kawaida. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, Novemba 2009, mwongozaji Roland Emmerich alikuwa amekwisha kuuangamiza ulimwengu mzima katika filamu aliyoipa jina la mwaka huo huo, 2012, kwa gharama ya takriban dola milioni 200 za Kimarekani. Filamu hiyo bado inazunguka katika simu na flashi za vijana wetu, na kila tunapokutana kusomeana mashairi, hakosi mmoja wa kuuliza: je, inastahili kutazamwa? Mtu anayeishi kwa maneno atafaidika nini na zaidi ya saa mbili na nusu za majengo yanayoporomoka?

Kwa asiyeiona, kisa chenyewe ni chepesi. Jua linatoa chembe zinazouchemsha moyo wa dunia, ganda la ardhi linalegea na kuteleza, na kila kilichojengwa na binadamu kinaanguka. Mji wa Los Angeles unamezwa na bahari. Mlima wa moto wa Yellowstone unalipuka. Kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro linabingirika juu ya waumini waliokuwa wakisali. Wimbi linabeba meli ya kivita ya kupakia ndege na kuibwaga juu ya Ikulu ya Marekani. Wakubwa wa dunia, waliokuwa na habari tangu mapema, wamejenga safina kwa siri katika milima ya China, na tajiri anayetaka nafasi humo hulipa euro bilioni moja kwa kichwa. Katikati ya yote hayo, baba mmoja, mwandishi wa vitabu visivyonunuliwa, anakimbia na watoto wake kutoka shimo moja hadi jingine, na ardhi humsubiri apite ndipo ipasuke.

Kabla ya kuihukumu filamu, na tuyapime maneno, maana hiyo ndiyo mizani tuliyo nayo sisi. Neno kiama limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni kusimama. Siku ya kiama, basi, ni siku ya kusimama zaidi ya siku ya kuanguka: wafu wanasimama, hesabu inasomwa. Tufani, ambalo kwetu ni dhoruba ya upepo na mvua, katika Kiarabu ndilo jina la gharika ya Nuhu. Safina katika lugha hiyo ni chombo cha majini cha aina yoyote; Waswahili tuna majahazi, mashua na meli, kwa hiyo neno hilo tumemwachia Nuhu karibu peke yake. Nalo jina ambalo Wazungu huzipa filamu za namna hii limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kufunua kilichofunikwa. Ndiyo sababu kitabu cha mwisho cha Biblia, kwa Kiswahili chetu, kinaitwa Ufunuo. Na inkishafi, neno ambalo kila mpenzi wa ushairi wa Kiswahili analijua, lina maana iyo hiyo: kufunuka.

Hapo tumepata kipimo. Kwa ushahidi wa lugha zenyewe, hadithi ya mwisho wa dunia haipimwi kwa wingi wa vilivyobomoka. Inapimwa kwa kilichofunuliwa. Swali la vijana wetu, basi, naliuliza hivi: filamu ya 2012 inafunua nini?

Tuiweke kando ya Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, wa mwanzoni mwa karne ya 19. Utungo huo una beti zipatazo 80, na haukumgharimu mtunzi zaidi ya wino, karatasi na moyo wake mwenyewe. Hauuangamizi ulimwengu. Unautembelea mji mmoja uliokwisha kuanguka, na hata huko haudai kuonyesha mji wote. Unatuingiza ndani ya nyumba na kutuonyesha madaka yaliyopangwa vyombo vya kauri, ambayo sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Unatusikilizisha bundi na wadudu mahali palipokuwa na mazungumzo ya watu. Msomaji haoni jengo likianguka hata mara moja, ila akimaliza anajua kwamba hata nyumba anayoketi yeye ni ya muda. Mtunzi alijua kwamba kifo cha mji kinaingia akilini kupitia kitu kidogo kinachoweza kushikwa mkononi, kwa mfano sahani isiyokuwapo tena mahali pake.

Emmerich anakwenda njia nyingine. Miji yake huonekana kutoka angani, na watu wake ni vidoa vinavyoteleza kutoka kwenye vibao vya saruji. Hatujui majina yao wala walichokuwa wakipika. Mabilioni wanakufa, na filamu ikiisha bahari ni safi na jua linawaka. Maji hayarudishi maiti hata mmoja. Kwa wengine hilo litakuwa jambo la ufundi tu. Kwa sisi wa huku si dogo, kwa sababu Mto Kagera, ulio mpaka wa Karagwe na Kyerwa na nchi ya Rwanda, mwaka 1994 ulibeba miili ya waliouawa hadi Ziwa Viktoria. Tunajua kwamba maji yakishapita, kazi ya walio hai ndiyo kwanza inaanza: kuwatoa, kuwazika, kuwatafutia majina. Hadithi ya maangamizi isiyokuwa na kaburi imeruka sura yake ya pili.

Na tetemeko je? Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Bukoba na Missenyi ndiko madhara yalikozidi. Hesabu iliyotangazwa siku zile ilifikia watu 17 waliofariki, na maelfu ya nyumba zilipata nyufa au kuanguka, nyingine zikiwa huku kwetu. Mimi nilikuwa Kayanga, uani. Nilichokipata kwanza ni mvumo, kama lori zito linalopanda mlima mahali pasipo barabara. Kisha vikombe vikaanza kugongana kabatini, na mbuzi wa jirani akavuta kamba yake. Yote yalikwisha kabla sijajua nikimbilie wapi. Bibi wa nyumba ya pili akatoka akiwa ameshika mwiko, akatuuliza, “Wanangu, mmesikia?”

Nimelifikiria sana swali lake. Hakuuliza kama tumeona. Katika Kiswahili mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia maumivu, na tetemeko nalo tunalisikia. Kitenzi kimoja kinabeba sikio na mwili mzima. Filamu, pamoja na mamilioni yake, inaweza kutupa mlio na picha, lakini usikivu huo wa nyayo na mifupa haiwezi kuununua. Inajaribu kufidia kwa kuongeza: jengo likianguka na tusishtuke, yanaangushwa kumi. Mshairi hana uwezo wa kuangusha jengo hata moja, na pengine hiyo ni bahati yake. Inambidi autafute mwiko ule mkononi mwa bibi.

Hadi hapa msomaji atadhani nimekwisha kuikataa filamu. Sijaikataa, na sababu ni kwamba mara ya kwanza niliitazama mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kimeingia ndani yake. Ilikuwa Omurushaka, katika kibanda umiza, benchi za mbao na jenereta nje, kiingilio shilingi 200. Filamu ilikuwa ya kutafsiriwa. Vijana wa leo huenda wasijue kwamba utafsiri huo ni sanaa yenye historia yake. Nchini Uganda, ng'ambo ya Murongo, mafundi wake husimulia kwa Kiganda. Dar es Salaam alivuma Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilikaa juu ya sauti za waigizaji na kusimulia kisa upya kwa Kiswahili. Mtaalamu wa Kijerumani, Matthias Krings, aliiandikia sanaa hii makala ambayo kichwa chake kinazungumzia kuugeuza wali kuwa pilau. Naona mfano huo unatosha. Filamu inatoka kwao ikiwa wali mweupe, na viungo vinatiwa huku.

Mfasiri wetu wa siku ile hakufuata maneno ya Kiingereza. Mwanasayansi wa Kihindi aliyekuwa wa kwanza kuigundua hatari, ambaye ndege aliyoahidiwa haikuja kumchukua, anampigia simu rafiki yake huku wimbi likimkaribia yeye, mkewe na mtoto wao. Ni tukio fupi, na nadhani ndilo lenye ubinadamu kuliko yote katika filamu nzima. Mfasiri aliliongezea neno moja tu: “Kaka.” Katika filamu yenyewe wale wawili wanaitana kwa majina. Kwa neno hilo moja kibanda kizima kilinyamaza, maana kila mtu pale alijua maana ya kumpigia kaka yako simu ukiwa unakufa kwa ahadi aliyoshindwa kukutimizia.

Kisha ukaja mwisho, na hapo ndipo filamu inapofunua jambo, labda bila kukusudia. Gharika ikishatulia, wataalamu ndani ya safina wanapata habari kwamba bara la Afrika limeinuka na maji hayakulifunika. Milima ya Drakensberg, ya Afrika Kusini, sasa ndiyo mirefu kuliko yote duniani. Safina zinageuza omo kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Tunaonyeshwa dunia kutoka juu, na hadithi inakwisha. Hakuna Mwafrika hata mmoja wa bara hilo lililosalimika anayeonekana ufukweni, wala anayeulizwa lolote. Waliolipa euro bilioni moja wanakwenda kutia nanga kwa watu ambao hawakulipa senti, na filamu haioni kwamba hapo pana kisa kingine.

Mfasiri alikiona. Alipaza sauti: “Jamani, wageni hao wanakuja! Akina mama, ongezeni ndizi chunguni!” Watu wakacheka hadi benchi zikayumba. Mzee mmoja wa nyuma hakucheka. Aliuliza, “Wanakuja na chakula chao?”

Asiyekijua Kagera atamwona mzee huyo mchoyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, kusini mwetu, kwa muda wa siku moja hivi. Karagwe nayo ikapokea wakimbizi, makambi yakasimama palipokuwa na malisho na mashamba, miti ikakatwa kwa kuni, maji yakagombewa. Watu wa huku walipokea, wakagawana, wakalalamika, wakaogopa, wakazika, na wengine wakaoleana na waliowapokea. Hisia hizo zote zilikaa katika moyo mmoja kwa wakati mmoja. Methali yetu inasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini methali haisemi ni wageni wangapi wanaofika asubuhi moja. Swali la yule mzee lilikuwa la mtu ambaye amewahi kuwa ufukwe wa safina ya wengine.

Basi jibu langu kwa wanaouliza ni hili. Itazameni filamu ya 2012, mara moja, na ikiwezekana kwa tafsiri ya mtu mwenye ulimi mwepesi. Msiitazame kwa kutafuta kujua maafa yalivyo. Katika hilo beti chache za mtu wa Pate zinaishinda, na hata bibi mwenye mwiko anaishinda. Itazameni kwa sababu inaishia mahali ambapo hadithi yetu inaanzia. Imetumia fedha nyingi kuwafikisha watu hadi mlangoni petu, ikakosa la kumfanya mwenyeji aseme, ikazima taa. Pengo hilo ndilo kitu chenye thamani kuliko vyote ndani yake, na wa kulijaza ni mtunzi anayejua Kiswahili na anayejua ufukwe huo.

Fikirini utenzi unaoanzia pale safina zinapotia nanga. Nani anakwenda kuwalaki? Wanaamkiana kwa lugha gani? Yule aliyezoea kununua kila kitu ataombaje maji ya kunywa? Mwenyeji atakumbuka bei ya kiti alichonyimwa, au atasema karibuni kwanza na kuhesabu baadaye? Je, mtoto wa mwenyeji atalala njaa usiku huo? Hayo hayahitaji dola hata moja. Yanahitaji vina, mizani, na ujasiri wa kuliacha swali la yule mzee likae ndani ya utenzi bila kulisafisha. Atakayeuanza asichoke njiani, nami nitaomba nakala ya kwanza niisome Omurushaka.