Walioitwa na Waliochanga

Mwaka 2011 Pasaka iliangukia tarehe 24 Aprili, na kwa sisi tuliokuwa tukipiga chapa kadi za harusi kule River Road, tarehe hiyo ilitawala kazi yote ya mwaka. Makanisa mengi ya Nairobi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Maharusi husubiri, kamati zao husubiri, kisha Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka kila mtu anataka kusimama mbele ya padri au mchungaji. Mwaka huo Jumamosi hiyo ilikuwa tarehe 30. Shule zilikuwa zimefungwa, na kwa kuwa Mei Mosi ilikuwa Jumapili, Jumatatu nayo ikawa ya mapumziko. Tulifanya kazi mpaka usiku wa manane. Na siku moja kabla ya Jumamosi hiyo, kule London, William, mjukuu wa Malkia Elizabeth, alimwoa Kate Middleton.

Watu wakiniuliza naikumbukaje harusi ile, hutarajia nitaje gauni. Mimi nakumbuka orodha ya wageni. Kazi yangu ilikuwa kupanga maandishi kwenye kompyuta kabla hayajapelekwa mashineni, na wateja wengi walikuja na daftari la wageni mkononi ili tuhesabu pamoja kadi zitakazotosha. Ukikaa na madaftari hayo muda mrefu unajifunza kuyasoma. Unaona shangazi gani amekatwa kisha akarudishwa kwa kalamu nyingine. Unaona ukurasa wa upande wa bwana harusi umejaa na wa upande wa bibi harusi una majina machache, na unajua kuna kikao kigumu kinachokuja.

Duka letu lilikuwa chumba kimoja ghorofani. Mashine yetu ilikuwa Heidelberg ya zamani, na aliyeiendesha alikuwa mzee wa Nyeri aliyeijua kwa sikio. Ikibadili mlio kidogo tu, aliizima kabla haijaharibu karatasi. Katikati ya Februari kadi za mwaliko za harusi ya London zilipotumwa kwa wageni wapatao 1,900, picha ya kadi ile ilitoka magazetini. Mzee aliikata, akaibandika ukutani juu ya mikebe ya wino. Ilikuwa kadi nyeupe, nzito, kingo zake zimepakwa dhahabu. Juu kulikuwa na taji na herufi za Malkia, chini maandishi meusi, na jina la mgeni limeandikwa kwa mkono. Haikuwa na maua, wala njiwa, wala pete mbili zilizoshikana, vitu ambavyo wateja wetu waliviomba karibu wote.

“Ona nafasi iliyoachwa, kijana,” mzee aliniambia. “Maneno machache, karatasi kubwa. Hawa hawakuogopa hasara.”

Kwa siku kadhaa baada ya hapo nilijaribu kuwashawishi wateja waondoe njiwa. Hawakukubali.

Orodha yenyewe ndiyo iliyoshika mji. Sababu ya kwanza ilikuwa Obama. Mtu ambaye kwao kwa baba ni Kogelo alikuwa rais wa Marekani, na hakuitwa! Kwa kinyozi wangu Kawangware jambo hili lilijadiliwa kila Jumamosi, nywele zikianguka. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba William alikuwa wa pili katika safu ya kurithi kiti, kwa hiyo harusi yake haikuhesabiwa kuwa shughuli rasmi ya dola, na marais hawakuwa na haki ya kudai nafasi. Watu wakauliza, mbona Mswati wa Swaziland ameitwa? Jibu ni kwamba huyo ni mfalme, na nyumba za kifalme hualikana. Kinyozi alisimamisha mashine, akafikiri, akasema, “Basi ni mambo ya ukoo.” Akaridhika. Ukoo ni jambo linaloeleweka Kawangware, na baada ya hapo Obama alisamehewa kwa kutokwenda.

Lililonisumbua mimi lilikuwa la Tony Blair na Gordon Brown. Wote wawili walikuwa mawaziri wakuu wa zamani, na wote wawili waliachwa, ilhali Margaret Thatcher na John Major walialikwa. Ilielezwa kwamba hawa wawili wa mwisho walikuwa na nishani ya juu ambayo wenzao hawakuwa nayo, na Major aliwahi kupewa jukumu la kuangalia maslahi ya William na nduguye baada ya mama yao, Diana, kufariki. Sawa. Lakini Blair ndiye aliyekuwa waziri mkuu wiki ile ya msiba, Agosti na Septemba 1997, na sote tulimwona kwenye runinga akiomboleza. Kwetu mtu aliyesimama nawe msibani humwachi nje ya harusi. Unaweza kumkosea mengine, lakini si hilo. Nilimwambia mzee hivyo, naye akajibu kwamba wakubwa wana daftari lao.

Nilichokipenda kilikuwa upande wa bibi harusi. Familia ya Middleton ilitoka kijiji cha Bucklebury, na katika kanisa la Westminster Abbey, pamoja na wafalme, mabalozi na Elton John, waliketi mwenye bucha wa kijijini, mwenye baa, mwenye duka, na mtu aliyewapelekea barua. Habari hiyo niliisoma ndani ya matatu ya 46, tumekwama karibu na Yaya, na nakiri ilinifurahisha kwa namna ambayo haikunitoka siku nzima. Kuna mtu katika nyumba ile alikaa na kalamu akajiuliza ni nani hasa tumeishi naye.

Wakati huohuo, kwenye ploti yetu Kawangware, jirani yangu alikuwa amekaa na kalamu vilevile. Alikuwa mama aliyefua na kusafisha katika nyumba za Lavington, mwendo wa miguu kutoka kwetu kupitia Gitanga Road, na binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi ileile ya tarehe 30. Mwenye duka alikubali nimchapie kadi kwa bei ya karatasi. Kadi zikawa 150. Nasema 150 kwa sababu hesabu hiyo iligharimu vikao vingi kuliko mahari.

Msomaji asiyeijua Nairobi anahitaji kuelewa jinsi harusi zetu zinavyogharamiwa. Familia haibebi peke yake. Huundwa kamati yenye mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina. Hukutana jioni, mara nyingi katika vyumba vya hoteli za mjini ambako ukinunua chai unaruhusiwa kukaa. Watu hutoa ahadi, ahadi huandikwa, na pesa huja taratibu, siku hizo tayari nyingi zikija kwa M-Pesa. Mwenye gari hulitoa limbebe bibi harusi. Mwenye sufuria kubwa huileta. Kwa hiyo kadi kwetu ina maana mbili kwa pamoja: inakuita, na inakiri kwamba ulichanga. Kumpokea mtu mchango halafu umnyime kadi ni aibu ambayo watu huihadithia miaka kumi baadaye.

London mambo yalikuwa tofauti. Maharusi waliomba kwamba anayetaka kutoa zawadi azipe taasisi 26 za hisani walizozichagua. Tena wageni waligawanywa kwa mafungu: 1,900 kanisani, kama 600 kwenye chakula cha mchana alichokiandaa Malkia, na 300 tu usiku kwenye karamu ya Charles, baba yake William. Mama jirani aliposikia hilo alishika kifua. “Unamwita mtu kanisani halafu asile? Hapana, mwanangu. Huyo umemwita kuhesabu madirisha.”

Kisha kulikuwa na madai yetu Wakenya. William alimvisha Kate pete hapa, Oktoba 2010, kwenye kibanda cha Rutundu juu katika mteremko wa Mlima Kenya. Ilikuwa pete ya yakuti samawi ya mama yake. Alikuwa akiijua nchi tangu alipokaa katika hifadhi ya wanyama ya Lewa mwaka 2001, na walikuwamo watu wa Lewa katika wageni wa London. Nairobi tulilichukua jambo hilo kama uchumba uliofanyikia nyumbani kwetu. Nilisikia watu, hata wazee wazima, wakiuliza kwa dhati: uchumba umefungwa kwetu, kadi yetu iko wapi?

Ijumaa ya tarehe 29 ibada ilianza saa saba mchana kwa saa zetu, saa ileile ambayo Waislamu wa mjini walikuwa wakielekea msikiti wa Jamia kwa swala ya Ijumaa. Tulizima mashine tukateremka Luthuli Avenue, ambako maduka ya vifaa vya umeme yalikuwa yamegeuza runinga zote kuelekea barabarani. Watu walijaa mpaka mikokoteni ikakosa njia. Kila kioo kilionyesha picha ileile, na rangi haikulingana kwenye vioo viwili, hata Malkia akawa amevaa njano hapa na karibu nyeupe pale. Kilichowashangaza watu ni miti. Ndani ya kanisa kulikuwa na miti mizima 8, yenye majani, imesimama kando ya njia ya bibi harusi. Mama muuza ndizi aliyekuwa pembeni yangu alisema kwa sauti, “Wameleta msitu ushuhudie,” na hakuna aliyecheka.

Kamera ilipopita juu ya wageni nilijaribu kumtafuta mwenye bucha. Bila shaka sikumtambua. Kofia zilikuwa nyingi.

Mzee hakuwa ameshuka nasi. Tuliporudi nilimkuta ameketi karibu na mashine, nikamuuliza kwa nini hakutaka kuona. Ndipo akanieleza habari ya Sagana, ambayo sikuwahi kuisikia ikisemwa na mtu wa huko.

Elizabeth alipoolewa Novemba 1947, Koloni ya Kenya ilimpa zawadi ya harusi: nyumba ya mapumziko Sagana, Nyeri, chini ya mlima. Alikuja kuiona Februari 1952 akiwa na mumewe, Philip. Walilala usiku mmoja Treetops wakitazama wanyama, na tarehe 6 walipokuwa wamerudi Sagana ikafika habari kwamba baba yake, Mfalme George wa Sita, amefariki. Aliiingia nyumba ile akiwa binti mfalme, akaondoka akiwa malkia. Miezi minane baadaye hali ya hatari ilitangazwa, na watu wa vilima vilevile wakatiwa kwenye kambi. Mwaka 1963 nyumba ilirudishwa kwa serikali ya Kenya.

“Mimi nilikuwa mtoto,” mzee alisema. “Baba yangu aliambiwa kwamba Kenya imetoa zawadi. Akauliza, Kenya ni nani, na mchango wangu ulipokelewa na nani? Ile ardhi tuliijua. Tulichangishwa bila kuitwa kwenye kikao.” Hakusema kwa hasira. Aliongeza kwamba hamchukii kijana William, kwamba yule bibi harusi ana uso mwema, na kwamba tuwashe mashine kwa sababu programu za ibada za watu watatu hazijakatwa.

Tangu siku ile naamini kuna wageni wa aina ambayo orodha yoyote ya Westminster isingeweza kuwatosha: watu waliotoa bila kujua wanatoa. Sisemi Malkia angewaita wazee wa Nyeri kwenye harusi ya mjukuu wake. Nasema tu kwamba wale waliouliza kadi yetu iko wapi, hata kama walianza na Rutundu, walikuwa wanadai deni la zamani zaidi kuliko walivyojua, nami nilipenda kwamba walidai.

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi ikakatika kabla ya saa nne. Mama jirani alikuwa amemwandikia kadi mwajiri wake wa Lavington, akiwa na hofu kwamba anamsumbua. Mwajiri huyo alikuja, akaketi kwenye kiti cha plastiki baina ya muuza makaa na mwalimu wa shule ya Jumapili, na alikula. Kadi zilikuwa 150. Waliokula walikuwa wengi kuliko hao kwa mbali. Watoto wa mtaa wa Gatina walifuata ngoma. Wapangaji wa ploti ya nyuma, ambao hakuna aliyewaandika, walitokea na sufuria ya pilau yao wenyewe wakaiweka mezani bila kusema neno, na mwandishi wa kamati akatoa daftari palepale akawaongeza. Pilau iliandikwa kama mchango.

Daftari lile mama jirani anaendelea kulitunza. Mimi niliacha kazi ya kadi wateja walipoanza kutuma mialiko kwa simu, na siku hizi naishi Kangemi, lakini hatujapoteana. Mwaka huu alinipigia nimsomee ukurasa mmoja uliofifia wino, kwa sababu mmoja wa wale wapangaji wa nyuma anaoza binti, na mama alitaka kujua ile pilau ilikuwa ya kilo ngapi, apeleke si chini ya hapo.