Vigango, data na ile safu isiyokuwepo

Leo naacha kidogo mambo ya kuandika programu, ingawa sitaenda mbali.

Ukitaka kuona makumbusho yanavyotumia mtandao kuonyesha mali yao, anza na Metropolitan ya New York. Mwaka 2017 waliruhusu picha 375,000 hivi zitumike na yeyote bila malipo wala kuomba, na mwaka uliofuata wakafungua API, yaani mlango ambao programu yako inapitia kuchota data. Hata kujiandikisha hawadai. Unatuma namba ya kitu, unarudishiwa jina lake, utamaduni, tarehe, vipimo na kiungo cha picha kama ipo. Kwa sisi tunaokula kwa jasho la data hiyo ni karamu, na nilikesha nayo wikendi nzima.

Halafu nikamwonyesha mjomba wangu picha ya kigango kutoka makumbusho nyingine ya ng'ambo. Kwetu ni Wagiriama. Kwa asiyejua, kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, ambayo mwanachama wa Gohu husimamishiwa na jamaa zake akishafariki. Si pambo. Roho ya marehemu iko pale, na hakihamishwi. Mjomba aliitazama simu kitambo, akauliza: "Huyu ni nani?"

Nikaisoma rekodi juu hadi chini. Mbao. Kenya. Karne ya 20. Msanii hajulikani. Urefu na upana vimeandikwa kwa makini kabisa. Jibu la mjomba halimo.

Mwenye kuunda hifadhidata ataelewa mara moja. Majedwali haya yalichorwa na watu waliozoea michoro ya ukutani, kwa hiyo kuna safu ya msanii, hakuna ya marehemu wala ya boma alikotolewa. Kitu kisicho na safu hakitafutiki. Andika jina la mbari yako pale kwenye kisanduku, upate sufuri.

Na jina lina kazi! Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Baada ya muda mfupi vikaibwa. Mwaka 1999, mtafiti mwenzake Linda Giles alikuwa akionyesha slaidi mkutanoni, Udvardy akakitambua kimoja: kilikuwa Illinois State University. Cha pili kikapatikana Hampton University, Virginia. Kufikia 2007 vyote vilikuwa vimerudi Kenya. Ni picha moja ya filamu, lakini ilijulikana ni ya nani. Linganisha na Denver, ambako makumbusho iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30 na hakuna aliyejua vimetoka katika maboma gani.

Kenya haikukaa bure. Mradi wa International Inventories, uliounganisha Makumbusho ya Taifa, wasanii wa Nairobi na makumbusho za Ujerumani, ulikusanya orodha ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo nje. Kazi kubwa, nawavulia kofia. Lakini inategemea walichoandika wenye ghala.

Kwa hiyo tumeanzia upande wa pili. Nimetengeneza fomu ndogo ya simu isiyohitaji intaneti kila saa: jina la marehemu, mbari, mahali kigango kiliposimama, na mwaka kilipopotea kama unakumbukwa. Mjomba anataja, mimi naandika. Ana kumbukumbu kuliko seva yangu.

Tunabishana jambo moja tu. Mimi nimelelewa na programu huria, kwangu kila kitu kiwe wazi. Yeye anasema huwezi kutundika kaburi la mtu mtandaoni kabla ya kuuliza wanawe. Kwa sasa majina yapo, sehemu ya picha nimeifunga, na mwezi ujao tunakwenda Kaloleni kuwauliza wazee.