Fedha Mkononi, Dhamana Hakuna

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuwasilisha makala katika kongamano mjini Chicago. Nilifika hotelini saa nne usiku, mwezi wa Februari, nikiwa na begi moja, barua ya mwaliko, na dola mia sita za posho ya safari ambazo mhasibu wa chuo alinihesabia noti kwa noti. Chumba kilikwisha kulipiwa na wenyeji wangu. Nilidhani kilichobaki ni kukabidhiwa ufunguo.

Binti wa mapokezi alilinganisha pasipoti yangu na orodha yake, akatabasamu, kisha akaomba kadi ya mkopo. Nikamwambia chumba kimelipiwa. Akajibu kwamba analijua hilo. Kadi ni dhamana tu, kwa kuwa mgeni huenda akapiga simu, akanywa vilivyomo kwenye friji, au akavunja kitu. Hoteli ingezuia kiasi fulani cha fedha katika kadi, na kukiachia baada ya mimi kuondoka. Nikaeleza kuwa kadi niliyo nayo hutoa fedha katika mashine za benki yangu nyumbani tu, lakini taslimu ninazo. Nikaziweka mezani. Akazirudisha upande wangu taratibu, kwa ncha ya kalamu.

“Samahani bwana,” alisema, “mfumo hauniruhusu.”

Noti ya dola imeandikwa kwamba ni fedha halali kwa madeni yote, ya umma na ya binafsi. Hata hivyo, hakuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayomlazimisha mfanyabiashara binafsi kuipokea. Nilikuwa na fedha za nchi ile, ndani ya nchi ile, na hazikunifaa kitu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Ghana, mshiriki mwenzangu, aliyekuwa nyuma yangu katika foleni. Alitoa kadi yake akaiweka badala ya yangu. Tulikuwa tumefahamiana kwa muda usiozidi robo saa.

Ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinadaiwa. Hoteli haikuuliza kama nina fedha. Iliuliza nani atanilipia nikitoweka. Kadi ya mkopo ni mdhamini anayebebwa mfukoni: benki imekupima, ikakubali kukukopesha, na sasa inasimama nyuma yako. Sisi tuliolelewa na methali ya kukopa harusi, kulipa matanga, humheshimu asiyedaiwa. Kule, asiyewahi kukopa hana historia, na asiye na historia hana wa kumsemea. Hata wenyeji wa Marekani hawakupata mdhamini huyo kwa usawa. Kabla ya sheria ya fursa sawa za mikopo ya mwaka 1974, mwanamke mwenye kazi na mshahara wake aliweza kunyimwa kadi mpaka mumewe atie saini.

Ningeweza kuishia hapa, niwalaumu wageni, nanyi wasomaji wangu mngeniunga mkono. Lakini usiku ule neno “mfumo” lilininyima usingizi, kwa sababu nililitambua. Lilikuwa neno langu.

Nilipokuwa mkuu wa idara, alinijia kijana mmoja kutoka Bariadi. Ilikuwa Ijumaa jioni, siku ya mwisho ya usajili. Baba yake alikuwa ameuza pamba kwa kuchelewa, na kijana alikuja na ada yote ndani ya bahasha ya kaki. Utaratibu ulitaka stakabadhi ya benki, na benki zilikwisha fungwa. Alifungua bahasha ili nione. Sikuitazama.

“Kijana, utaratibu hauruhusu,” nilimwambia.

“Sawa, mwalimu. Ahsante.”

Akarejea mwaka uliofuata, akaanza na wadogo zake.

Sisemi utaratibu ule ulikuwa wa kipuuzi. Ada zilizopokelewa mkononi ziliwahi kupotelea mikononi, na stakabadhi ya benki ilikomesha wizi huo. Hoteli nayo imekwisha kimbiwa na wageni wengi. Tatizo ni kwamba kanuni iliyotungwa kumzuia mwizi ilimkuta mtu asiye na karatasi, nasi tukashindwa kuwatofautisha wawili hao. Hoteli ingeweza kupokea amana ya taslimu na kunipa risiti, kama hoteli nyingine zifanyavyo. Mimi ningeweza kuandika barua ya mistari miwili kuomba kijana yule asubiriwe hadi Jumatatu asubuhi. Sikuiandika kwa sababu hakuna aliyenitaka niiandike, na kwa sababu kujificha nyuma ya utaratibu hakumgharimu aliyeketi upande wangu wa meza.

Leo ofisi zetu zinadai namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya malipo, simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Mengi ya hayo ni mema. Ninyi mnaosoma sasa, na ninyi mlio tayari maofisini, ndio mtakaoandika miongozo ijayo. Naomba kila mwongozo uwe na sentensi moja inayosema asiye nacho afanyeje, na nani ana mamlaka ya kumsikiliza siku hiyo hiyo.

Mimi nilipata mtu wa kunidhamini nikiwa ugenini, kwa watu nisiowajua. Kijana wa Bariadi alikuwa nchini mwake, mbele ya mwalimu wake.